Abe Saperstein na timu iliyoazima jina la Harlem

Ukimtajia mwanafunzi wa Kenya timu ya Harlem Globetrotters, aghalabu atatabasamu kabla hujalimaliza jina lenyewe. Huenda aliwaona katika televisheni: majitu marefu yaliyovaa rangi za bendera ya Marekani, mpira ukizunguka juu ya ncha ya kidole kama pia, refa akifanyiwa mzaha, watazamaji wakijikunyata kwa kudhani watamwagiwa ndoo ya maji kumbe ndani mna vipande vya karatasi. Ni furaha tupu, nami sina ugomvi na furaha. Lakini mzaha huo umeifunika historia nzito ya watu ambao kwa kipindi fulani walikuwa miongoni mwa wachezaji hodari kupita wote duniani. Umemfunika pia mtu aliyewaajiri, Abraham Saperstein, aliyefariki mwaka 1966.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya ahadi. Katika mdahalo wa wanafunzi niliouhudhuria Mitaboni, Machakos, hoja iliyojadiliwa ilikuwa kama kipawa cha mchezaji ni mali yake mwenyewe au ni mali ya yule anayemgharamia. Msemaji mmoja wa upande wa wafadhili aliitaja Globetrotters kuwa mfano wa vijana fukara waliookolewa na mtu mwema. Msemaji wa upinzani akamjibu kwamba mtu huyo mwema alikuwa mnyonyaji. Wote wawili walishangiliwa kwa nguvu zile zile, ilhali hapana aliyekuwa na mengi ya kusema juu ya mtu mwenyewe. Walimu wakaniomba niandike. Na kwa hakika Mitaboni ni mahali panapofaa kwa swali kama hilo, maana ndipo lilipojikita kanisa la African Brotherhood Church, lililoanzishwa mwaka 1945 na Waafrika waliotaka kuabudu pasipo kusimamiwa na wamisheni wa kizungu. Swali la nani ashike funguo si geni kwa watu wa huko.

Saperstein alizaliwa London tarehe 4 Julai 1902, katika mitaa ya mashariki ya jiji hilo iliyokuwa imejaa Wayahudi wenye asili ya Poland na Urusi. Baba yake alikuwa mshonaji nguo. Familia ilihamia Chicago wakati Abe angali mtoto mdogo, nako ndiko alikokulia na kusoma. Alipenda kila aina ya mchezo, lakini maumbile hayakumpendelea: hakupata kufikia urefu wa futi tano na nusu. Mtu wa kimo hicho alikuwa na nafasi finyu sana katika mpira wa kikapu wa kulipwa. Basi alijitafutia nafasi nyingine kando ya uwanja, penye kalamu, simu na usukani wa gari.

Wachezaji wenyewe walitoka upande mwingine wa Chicago. Sehemu ya kusini ya jiji hilo ilikuwa imepokea maelfu ya watu weusi waliohama majimbo ya kusini mwa Marekani wakikimbia umaskini na ubaguzi. Watoto wao wengi walisoma katika shule ya upili ya Wendell Phillips, iliyotoa wachezaji wa ajabu wa mpira wa kikapu. Ukumbi wa dansi wa Savoy ulipofunguliwa katika mtaa huo, timu ya vijana wa aina hii ilikodishwa ili icheze kabla ya muziki kuanza, wenyeji waje kutazama mechi kisha wabaki kucheza dansi. Timu hiyo iliitwa Savoy Big Five. Baadaye kulitokea mgawanyiko, na katika matawi yaliyochipuka humo ndimo ilimotokea timu tunayoizungumzia.

Hapa yafaa msomaji awe mwangalifu. Historia rasmi ya timu husema kwamba safari ilianza kwa mechi iliyochezwa Hinckley, mji mdogo wa jimbo la Illinois, tarehe 7 Januari 1927. Lakini ukumbi wa Savoy ulifunguliwa Novemba 1927, na mtoto hawezi kumtangulia mama yake kuzaliwa. Wanahistoria waliochunguza magazeti ya wakati huo huuweka mwanzo halisi mwaka mmoja au miwili baadaye. Saperstein alikuwa stadi wa kutengeneza hadithi, naye hakuona sababu ya kuiacha tarehe iharibu hadithi nzuri. Katika hadithi hiyo yeye ndiye mwanzilishi wa kila kitu, na vijana wa Wendell Phillips, ambao walikuwa wakicheza pamoja kabla hajawafahamu, wanaonekana kama watu waliookotwa njiani.

Kwa mtu wa taaluma yangu, jina la timu ni somo zima. Mwanzoni iliitwa New York Harlem Globetrotters. New York haikuwa kwao. Walikuwa watu wa Chicago. Harlem, ule mtaa mashuhuri wa watu weusi huko New York, wengi wao hawakuwa wamekanyaga. Na neno hilo la mwisho, lenye maana ya watu wanaoizunguka dunia, walibandikwa wakati ambapo safari zao zilikuwa za kutoka kijiji kimoja cha wakulima hadi kingine katika majimbo ya kaskazini. Kila sehemu ya jina ilikuwa si kweli, na hata hivyo jina zima lilifanya kazi barabara. Tangazo lililobandikwa mlangoni pa ukumbi lisingehitaji kueleza rangi ya wachezaji. Neno Harlem lilitosha. Mkulima wa Kizungu wa Illinois alilisoma akajua anakuja kuwatazama watu weusi, na kwamba wametoka mbali. Wanafunzi wa isimu husoma mara kwa mara kwamba maana ya jina la pekee ni kile linachokirejelea tu. Ningependa waiweke nadharia hiyo kando ya jina hili, waone kama itasimama.

(Mchezo wenyewe una bahati zaidi katika majina. James Naismith alipoubuni mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, alitumia vikapu vya matunda, na Kiswahili kimeuhifadhi ukweli huo katika mpira wa kikapu, ingawa kikapu chenyewe kilitoweka zamani na kuachia nafasi pete ya chuma yenye wavu. Huko Ukambani, ambako akina mama husuka vyondo mpaka leo, sijui kwa nini hatujauita mpira wa kyondo.)

Maisha ya barabarani yalikuwa magumu. Wachezaji walikuwa watano tu katika gari moja, Saperstein akiwa dereva, mweka hazina, mtoa matangazo na, ikibidi, mchezaji wa akiba. Ngozi yake nyeupe ndiyo iliyowafungulia milango ya kumbi, kwa kuwa mwenye ukumbi angezungumza naye kwa simu na kumpa mkono bila kusita. Usiku hoteli nyingi zilimkubali yeye na kuwakataa wao. Hapo ndipo wapatapo nguvu wale wanaomwita mfadhili, maana bila yeye wasingepata mechi nyingi kiasi hicho. Na hapo hapo ndipo wapatapo nguvu wale wa upande wa pili, maana thamani aliyoileta ilitokana na ubaguzi ule ule uliowaumiza wachezaji wake.

Mzaha ulitoka wapi? Si kwamba hawakujua kucheza, wakaamua kuchekesha. Kinyume chake ndio ukweli. Walizishinda timu za vijijini kwa idadi kubwa mno ya pointi, na mwenyeji aliyefedheheshwa mbele ya watu wake asingewaalika tena. Tena watu watano waliocheza karibu kila usiku bila wa kuwapokea walihitaji namna ya kupumzika katikati ya mechi. Basi wakishatangulia kwa pointi za kutosha, mmoja angeuchezea mpira peke yake, akiuzungusha, akiuficha nyuma ya mgongo, akimpa mpinzani kisha akimnyang'anya, wenzake wakivuta pumzi. Inman Jackson, aliyekuwa mchezaji wa kati, ndiye anayetajwa kuwa bingwa wa kwanza wa sanaa hiyo. Watazamaji walicheka, na Saperstein aliyasikia mapato katika kicheko hicho.

Sisi wa Ukambani hatuna haja ya kwenda Chicago ili tuelewe jambo hili. Ngoma zetu za kuruka na kupinduka hewani, ambazo zilikuwa mashindano ya nguvu na ushupavu baina ya vijana, leo huchezwa mbele ya watalii kama burudani ya alasiri, na mtalii huondoka akidhani amekwisha kutufahamu. Vinyago je? Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa uchongaji wa biashara katika Ukambani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alikuwa fundi. Soko lililofuata lilidai twiga na vifaru wanaofanana kama mapacha, na kati ya mchongaji na mnunuzi akasimama mtu wa tatu mwenye gari na daftari. Ujuzi hubaki, lakini anayeamua uonekane vipi ni mwenye kuuza tiketi.

Suala la fedha lilizuka mapema. Katika miaka ya mwanzo wachezaji na Saperstein waligawana mapato ya mlangoni. Mwaka 1934 aliubadili utaratibu huo, akataka wachezaji wawe waajiriwa wa mshahara. Runt Pullins, aliyekuwa nyota wa timu, alikataa akaondoka, na wengine wakamfuata. Saperstein aliajiri vijana wengine, na safari ikaendelea. Kwangu mimi hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya timu hiyo, ingawa halikuwa na mashabiki wala matokeo ya kuchapishwa gazetini. Kuanzia siku hiyo timu ilikuwa mali ya mtu mmoja.

Wakati huo huo, Harlem ya kweli ilikuwa na timu yake ya kweli. Robert Douglas, mtu mweusi aliyezaliwa katika kisiwa cha St. Kitts huko Karibi, alianzisha New York Renaissance mwaka 1923. Timu hiyo, iliyojulikana kwa ufupi kama Rens, ilimilikiwa na mtu mweusi, iliwaajiri wachezaji weusi, na haikufanya mizaha. Mwaka 1939 mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za kulipwa yalifanyika Chicago, na Rens ikawatoa Globetrotters katika nusu fainali, kisha ikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata Globetrotters walilipiza kisasi, wakaiondoa Rens, na katika fainali wakaifunga Chicago Bruins kwa pointi 31 kwa 29. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba Globetrotters ni wachekeshaji na awaambie pia kwamba waliwahi kuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1940.

Tarehe 19 Februari 1948 walikutana na Minneapolis Lakers katika uwanja wa Chicago Stadium. Lakers ilikuwa timu ya wazungu watupu, na ilikuwa na George Mikan, mchezaji mrefu mwenye miwani aliyekuwa tishio kwa kila timu. Watazamaji 17,823 walifika. Mpaka mapumziko Lakers walikuwa mbele kwa pointi 32 kwa 23. Katika kipindi cha pili Globetrotters walimbana Mikan watu wawili wawili, Marques Haynes akaudunda mpira kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kumpokonya, pointi zikalingana. Katika sekunde za mwisho Ermer Robinson alirusha mpira kutoka mbali, nao ukazama kikapuni. 61 kwa 59. Mizaha ilikuwa michache mno usiku huo. Mwaka 1949 walirudiana na Lakers wakashinda tena, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote mwenye akili timamu kudai kwamba watu weusi hawakufaa kucheza katika ligi kubwa.

Ligi hiyo kubwa, ambayo sasa inajulikana kama NBA, ilifungua mlango mwaka 1950. Mtu angetarajia Saperstein ashangilie. Hakushangilia. Boston Celtics walipomchagua Chuck Cooper alikasirika, kwa sababu mpaka wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mwajiri mkubwa wa wachezaji weusi wa kulipwa, na wenye viwanja walimtegemea kwa kuwa mechi za timu yake zilijaza viti kuliko za ligi yenyewe. Mwaka huo huo alimwuza Nat Clifton kwa New York Knicks. Naye Earl Lloyd, aliyecheza tarehe 31 Oktoba 1950, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA. Ubaguzi ulikuwa umempa Saperstein soko asilohitaji kushindania, na ulipoanza kubomoka, ulibomoka pamoja na ukuta wa ghala lake. Hata hivyo ushahidi uliosaidia kuubomoa ulitolewa na wachezaji wake, katika mechi alizozipanga yeye. Nimejaribu kuzitenganisha sentensi hizo mbili nikashindwa.

Timu ya Douglas haikuwahi kuuona mlango huo ukifunguliwa, kwani ilikuwa imevunjika mwaka 1949. Haikukosa ujuzi. Ilikosa kumbi, ilikosa simu zinazopokelewa upesi, na ilikosa mwenye ngozi inayofungua milango. Msemaji wa Mitaboni aliyewatetea wafadhili angeuliza hapa, na angekuwa na haki ya kuuliza, ni ipi bora: timu yako mwenyewe iliyokufa, au timu ya mwingine inayokulisha? Swali ni gumu, na mwalimu asiwaharakishe wanafunzi kulijibu.

Katika miaka ya 1950 lile jina la uongo likawa kweli. Globetrotters waliizunguka dunia. Tarehe 22 Agosti 1951 walicheza katika uwanja wa Olimpiki wa Berlin mbele ya watu 75,000, na Jesse Owens, mwanariadha mweusi aliyewaaibisha Wanazi katika uwanja uo huo mwaka 1936, akashushwa kwa helikopta katikati ya nyasi. Serikali ya Marekani iliwapenda sana katika safari hizo, kwa kuwa ilikuwa katika vita baridi na ilihitaji kuuonyesha ulimwengu watu weusi wenye furaha. Mwaka 1959 walifika hata Moscow, wakiwa na kijana mmoja mrefu aliyeitwa Wilt Chamberlain, ambaye Saperstein alimlipa fedha nyingi kabla NBA haijaruhusiwa na kanuni zake kumchukua. Waliporudi nyumbani walikuta hoteli zile zile za kusini zikiendelea kuwafungia milango.

Nyota wake wakubwa hawakudumu wote. Haynes aliondoka mwaka 1953 baada ya kutoelewana juu ya mkataba, akaanzisha timu yake mwenyewe. Goose Tatum, mchekeshaji mkuu wa enzi hiyo na mtu aliyekuwa na mikono mirefu ajabu, akaungana naye baadaye. Chamberlain, kwa upande mwingine, alimpenda Saperstein na akaendelea kuisifu Globetrotters hata alipokuwa mchezaji mkubwa kuliko wote wa NBA. Mwanahistoria hana budi kuwasikiliza wote watatu.

Ndoto ya mwisho ya Saperstein ilikuwa kumiliki timu katika NBA. Hakuipata. Mwaka 1961 alianzisha ligi yake, American Basketball League, na kuipa kanuni mpya: mpira unaorushwa kutoka mbali uhesabiwe pointi tatu. Ligi hiyo ilikufa mwishoni mwa mwaka 1962. Kanuni ilibaki. NBA iliichukua mwaka 1979, na baadaye ikaenea ulimwengu mzima, hata leo kijana wa Mitaboni anaposimama nyuma ya mstari uliochorwa kwa chokaa juu ya udongo mwekundu na kujaribu bahati yake, anacheza mchezo uliorekebishwa na yule mtu mfupi wa Chicago. Pengine huu ndio urithi wake usio na doa.

Alifariki Chicago tarehe 15 Machi 1966, moyo ukiwa umechoka kwa safari. Mwaka 1967 timu iliuzwa kwa dola milioni 3.7 kwa wafanyabiashara wa kizungu. Mwaka 1968, baada ya takriban miaka arobaini ya kuitumia sifa ya mtaa huo, Globetrotters walicheza Harlem kwa mara ya kwanza. Jina la Saperstein liliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 1971. La Douglas likaingia mwaka 1972.

Mtu mweusi wa kwanza kuimiliki timu hiyo ni Mannie Jackson, aliyeinunua mwaka 1993 ilipokuwa karibu kufa. Aliwahi kuichezea katika miaka ya 1960, wakati ambapo mshahara wake ulikuwa ukitoka mkononi mwa Saperstein.